Vibao Kumi na Kimoja vya Kalembe

Kalembe, siku ya yenga, nyuma ya misa

Dada yangu mupendwa Émilienne,

Nakuandikia nikiwa na furaha na aibu pamoja, na sijui ni ipi itakufikia ya kwanza. Kwanza afya. Mugongo wako wenye ulikusumbua wakati wa Pasaka, ulipona kweli, ao bado unabeba makartoni ya sabuni mwenyewe juu huamini mikono ya wengine? Na watoto wako, Lévi bado kichwa kinamuuma kila siku ya mutihani? Kétsia naye naambiwa amekuwa murefu kukupita. Umuambie apunguze, juu nguo zenye bibi yangu Mamy amemushonea alizipima mwaka jana.

Huku kwetu Mungu anatuchunga. Mamy anakusalimia kwa mikono miwili. Maharagi yake imepanda mpaka ku mulango wa jikoni, na yeye anapita katikati yake akijiona bibi wa chifu. Mutoto wetu Bienvenu ameota meno mbili na anaijaribu kwa kila muntu. Siku ya ubatizo alimuuma padri kidole, na padri akamaliza sala akicheka. Tunakula, tunalala, tunaamka. Kamyo yako iko muzima, usianze kuogopa.

Utajiuliza kwa nini barua, wakati simu iko. Weye unajua rezo ya simu ya Kalembe: ni lazima nipande mulima nyuma ya kanisa la paroisse, na kule juu kuna watu kumi wanangojea zamu na kila muntu anasikia. Nikikutumia sauti, utaifungua mu duka kwa nguvu yote vile kawaida yako, na maneno yenye niko nayo leo si ya kusikilizwa na wateja wa chumvi.

Basi nianze na habari ya barabara, juu ndani yake njo mambo yote iko. Dada, serikali imeamka. Walianza Kinshasa, wakashuka Goma, wakafika ku teritware, na mwisho wakatukumbuka sisi. Watu wa komisiyo ya usalama barabarani walikuja na jipu mbili, wakakusanya watu wa Masisi na wa Walikale pamoja hapa Kalembe, juu hapa njo mupaka. Walisema hawawezi kuchunga barabara wakiwa ofisini, kila fasi ichague komite yake: shofere mumoja, mumotari mumoja wa pikipiki, mukantonye mumoja mwenye kutengeneza barabara na beleshi, munganga, mufanyabiashara na muntu wa kanisa. Unajua walichagua nani kwa upande wa mashofere? Mudogo wako. Walisema miaka ishirini mu barabara hii si mchezo, wakanipigia makofi, na mimi nikainuka nikatoa kofia vile mushindi wa mpira.

Rais wa komite ni Mama Généreuse, ule mama munene wa Buleusa mwenye kuchunga bariere ya mvula. Mvula ikinyesha, anashusha muti wake katikati ya barabara, na gari nzito zote zinangoja mpaka udongo ukauke, juu zikipita zinapasua barabara na kesho yake watu wanaanguka. Zamani wakubwa walikuwa wanapiga honi tu na muti unapanda. Sasa hapana. Mwezi jana alisimamisha hata kamyo ya paroisse, padri ndani, kwaya nzima nyuma, wakiwa wanaenda kufungisha ndoa Buleusa. Padri akaomba kwa upole, kwaya ikaimba, Mama Généreuse akakaa ku kiti chake akifunga kitenge. Mwisho bwana-arusi na bibi-arusi walifika kwa miguu, viatu mu mikono, na ndoa ikafungwa pale pale ku bariere, chini ya hema la plastiki. Watu wanasema haijaonekana ndoa nzuri sawa ile. Sasa kuna wasichana wawili wenye wanaomba mvula siku yao.

Na wamotari wanavaa kofia za chuma, hata abiria wao. Mwanzo wamama walikataa kabisa, wakasema hawawezi kuingiza kichwa fasi yenye kichwa cha muntu mwingine kimetoka. Mamy njo aliokoa mambo: alishona vitambaa vya kuvaa ndani, kila mama na chake, na leo ukiona mama wa Kalembe anaenda sokoni bila kitambaa mu kibegi, ujue anaenda kwa miguu.

Lakini kitu kikubwa cha komite ni kaye ya Mama Généreuse, kitabu chenye anaandika tangu mbele komite haijazaliwa. Kila ajali inaingia mule: siku, fasi, nani, na sababu. Papa wa komisiyo alieleza vizuri kama kaye si ya kufunga muntu. Goma wanaisoma ili wajue fasi ya kukata mulima, fasi ya kuweka kibao, fasi ya kujenga daraja. Kwa ajili ya kaye ile walituletea vibao kumi na kimoja, wakavipanda toka Muheto mpaka hapa.

Kisha wakaomba tutafute fundi wa komite, muntu mwenye atalala chini ya kila gari na kuangalia freni mbele haijashuka mutelemuko wa Muheto. Kazi ya heshima, na karatasi ya serikali. Watu wote wakataja jina moja: Akilimali. Unalikumbuka hilo jina, dada. Mama Généreuse akafungua kaye, akaweka kidole ku ukurasa wa mwaka jana: kamyo ya Mama Émilienne, Muheto, sababu freni, fundi Akilimali. Akasema kwa huzuni kama muntu mwenye jina lake limeandikwa vile hawezi kupewa freni za watu wengine, na komisiyo ikirudi itamufuta ao itamuweka, mara moja kwa siku zote. Akilimali mwenyewe hakukuwa pale. Tangu ulipomufukuza alirudi kwao Buleusa, anatengeneza baiskeli tu. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na Mama Généreuse, na nilinyamaza.

Komisiyo ikarudi nyuma ya juma tatu, na mukutano ukafanyika mu kiwanja cha paroisse. Watu walijaa mpaka ku ukuta. Na weye unanijua, mimi nikiona watu wengi kinywa kinaniwasha. Nikasimama mbele, nikaanza. Nikasema serikali ya Kongo inajua kuahidi sana. Nikasema walituambia vibao, walituandikisha vibao, walitupigisha picha juu ya vibao, na mimi nikiwa napita barabara hii mara mbili kila juma, sijaona kibao hata kimoja. Nikauliza vibao vyetu vimeuzwa wapi. Dada, nilisema vizuri sana. Nilinyosha hata kidole.

Hakuna muntu alipiga makofi. Kisha Mama Généreuse akaniambia polepole, vile muntu anaongea na mugonjwa:

"Papa Jérôme, geuka."

Nikageuka. Ile nguzo yenye nilikuwa nimetundika koti langu wakati wa kufika, nikidhani ni ya bendera, ilikuwa muguu wa kibao. Juu yake, duru nyekundu, kubwa vile sinia. Koti langu lilikuwa linaninginia chini yake.

Walicheka, dada. Walicheka mpaka mumotari mumoja akakaa chini. Padri alijifunika uso na kitabu. Mimi pia nilicheka, juu ungefanya nini? Lakini papa wa komisiyo hakucheka. Alinikaribia, akaniuliza kama nilipita Muheto asubuhi ile. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama nilipita mbele ya nyumba ya masomo ya Kalembe. Nikasema ndiyo. Akasema kwa upole kabisa kama nimepita vibao kumi na kimoja, na cha kumi na kimoja nimekivalisha koti. Akaomba permi yangu ya kuendesha gari, akampa Mama Généreuse aifungie mu sanduku mpaka munganga apime macho yangu. Na mashofere wote wengine wapimwe nyuma yangu.

Hapa kicheko kiliniisha kabisa. Nikaona kamyo yako inaota majani mu kiwanja, nikaona unatafuta shofere mwingine, nikaona Mamy ananiuliza tutakula nini maharagi ikiisha. Ile wakati viazi vyako vilichelewa siku kumi na mbili, nikakuambia ni mvula, haikukuwa mvula. Ni mimi nilikuwa nimekaa nyumbani bila permi, nakuna kichwa.

Munganga Jeannette wa santre ya afya alinikalisha ku kiti, akaniambia nisome herufi zenye ziko ku karatasi. Nikamuuliza karatasi iko wapi. Akasema, "Ku ukuta, papa." Nikamuuliza ukuta uko wapi, kwa kumuchekesha, lakini hata yeye hakucheka sana. Akafungua sanduku lenye komisiyo ilimuachia, la vioo vidogo vidogo, akaanza kunivalisha kimoja nyuma ya kingine. Cha kwanza, bure. Cha pili, kidogo. Cha tatu, Mungu wangu. Karatasi ikatoka ku ukuta ikanisalimia. Nikageuza kichwa ku dirisha, nikaona milima.

Milima ya Masisi, Émilienne! Toka chini mpaka juu, na mistari ya mashamba, na ng'ombe zikiwa na miguu yote ine. Miaka sita nzima nilikuwa nalaumu ukungu. Nilikuwa naambia watu kama ukungu wa siku hizi umezidi, pengine ni juu wanakata miti, na watu walikuwa wananiitikia kwa heshima tu. Nikatoka pale mbio mpaka ku shamba la Mamy, na toka barabarani nikamuona, mbali kabisa, akinicheka mbele sauti yake haijanifikia. Niliona pia ako na nywele mbili nyeupe. Hiyo amenikataza kusema kwa muntu, basi uifiche.

Miwani yangu mwenyewe ilifika toka Goma nyuma ya juma moja, nyeusi, nzito, inanifanya nionekane vile mwalimu mukuu. Nikafanya mutihani wa kuendesha na papa wa komisiyo pembeni yangu, toka hapa mpaka Muheto na kurudi. Nilimusomea kila kibao kwa sauti kubwa: kona, watoto wa masomo, ng'ombe, mutelemuko, polepole. Cha sita aliniomba nisome ndani ya moyo. Akanirudishia permi, imeandikwa kama ni lazima miwani. Wamotari wakanisindikiza na honi, na Mama Généreuse akapandisha muti wa bariere mpaka juu kabisa, vile anapitisha gavana. Mamy alipika kuku. Ile siku nilikuwa na furaha sawa siku ya ndoa yangu.

Sasa dada, nafika ku neno lenye sikuweza kusema nikiwa juu ya mulima na watu kumi nyuma yangu.

Kesho yake nilishuka Muheto peke yangu, nikasimamisha kamyo ku ile kona yenye tulianguka mwaka jana, nikaiangalia na macho mupya. Juma moja mbele ya ajali, wakantonye walikuwa wamekata mulima na kuingiza barabara ndani, mita tatu, ili gari ziache kupita ku ukingo. Kazi nzuri sana. Hata ng'ombe inaiona. Mimi sikuiona. Nilikuwa naendesha na kichwa, vile nilizoea, na kichwa changu kilikuwa bado na barabara ya zamani. Nikakata kona fasi yenye kona haikukuwa tena. Freni haikukufa, dada. Sikuigusa hata, juu sikuona kitu cha kunifanya niiguse. Tukaingia mu shamba la viazi, chumvi yako ikanywa maji, na mimi nikatoka bila mukwaruzo.

Ile siku nilikupigia simu, na mbele sijafungua kinywa vizuri ukaniuliza kama ni freni. Nikasema ndiyo. Ni neno lako, mimi nililiokota tu, lakini nililiokota nikijua. Ukaniuliza nani aliitengeneza, nikakutajia. Ukamufukuza kwa simu, muntu mwenye hukumuona hata siku moja. Alisema mara tatu kama freni yake ilikuwa muzima, na mimi nilikuwa nimesimama pale pembeni, nikamuacha aseme peke yake. Hata fundi mwingine mwenye ulituma aliifungua na akaifunga bila kubadilisha kitu. Ukungu nilidanganywa nao, hiyo ni kweli. Lakini juu ya freni, mimi njo nilidanganya.

Nilienda kwanza kwa Mama Généreuse. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniletea kaye na kalamu, akasema aliyeharibu ukurasa njo atautengeneza. Nikakata lile neno freni na jina la Akilimali, nikaandika kwa mukono wangu: sababu, shofere hakuona. Kisha nikamuambia nafasi yangu mu komite aipe shofere mwingine. Hakunikatalia. Permi wameniachia, juu kaye si ya kufunga muntu, na nilishukuru.

Kisha nikaenda Buleusa. Nilimukuta Akilimali mbele ya nyumba yake, baiskeli imepinduliwa magurudumu juu, anatafuta tundu mu mupira. Nilimuambia yote nikiwa nimesimama, juu sikuona haki ya kuomba kiti. Hakunitukana. Alizungusha gurudumu na kidole, akaliangalia mpaka likasimama. Akasema:

"Mwaka muzima, Papa Jérôme, nilikuwa naogopa mikono yangu."

Kumbe watu wenye makamyo walikuwa wanamufuata mpaka pale, toka Walikale, na yeye anakataa. Alikuwa amejiambia pengine kweli alisahau kitu, bulo moja ao mbili za kukaza freni, na siku moja atasahau tena na watu watakufa. Njo maana baiskeli tu. Alikuwa analala akihesabu bulo za kamyo yako, mwaka muzima, akitafuta ni ipi alisahau. Dada, nililia pale, mbele ya bibi yake na kuku zake, na nakuandikia hivi bila haya. Mimi nilidhani nilimunyima kazi. Sikujua nilimunyima pia mikono.

Nilimuuliza nimufanyie nini. Akafikiri, akasema kwangu hataki kitu tena, lakini angependa siku moja Mama Émilienne amuone na macho. Kisha akanawa, akauliza kamyo iko wapi, na akaingia chini yake. Alikawia kule. Nilikuwa nasikia anaimba. Akatoka na mafuta mpaka ku kiwiko, meno yote inje, akasema freni ni zile zile zenye alifunga mwenyewe, hakuna bulo hata moja imekosa.

Sasa njo yeye fundi wa komite ya Kalembe, na karatasi yenye muhuri. Juma hii amekwisha kurudisha gari tatu zenye zilikuwa zinashuka Muheto bila freni, na wenye gari walimutukana mpaka alipowaonyesha. Komisiyo inamutuma huko kwenu Butembo juma mbili, akajifunze na wafundi wa fasi zingine. Kama baada ya kusoma hivi utataka kuninyanganya funguo ya kamyo, tuma tu neno, nitaileta mwenyewe na sitauliza sababu. Kama utaniachia, nitaendesha vile muntu mwenye kuona.

Unisalimie shemeji, umuambie ndizi zake ziko njiani. Unisalimie Kétsia na Lévi, na mama wa duka la pembeni mwenye kucheka sana. Mamy na mutoto wa meno wanakukumbatia. Mungu aendelee kukuchunga, weye na nyumba yako yote, mpaka tuonane.

Na muntu mwenye amekuletea barua hii, dada, ule mwembamba mwenye pengine umemuacha anasimama ku mulango katikati ya wateja, nilimuomba asitaje jina mpaka umalize kusoma. Njo yeye Akilimali. Inua macho.

Mudogo wako mwenye kukupenda,

Jérôme